Msizitupe laptopu za shule, redio bado inazihitaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na walimu wakuu, wazazi na vijana wa Kilimanjaro na Arusha juu ya jambo lililonikaa moyoni wiki mbili sasa.

Nina duka dogo la steshenari hapa Moshi mjini, la kutoa kopi na kuchapa barua. Siku hiyo nilipeleka karatasi za majaribio katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja. Nyuma ya jiko la shule, chini ya mparachichi, nikakuta laptopu 20 zimepangwa juu ya mbao, na mvua ya usiku ilikuwa imeshazinyeshea. Nikauliza kulikoni. Mwalimu aliyenipokea, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Mama, hizi ndizo zimefika mwisho. Windows 10 imeisha muda, na hizi hazipokei 11. Tunasubiri watu wa vyuma chakavu."

Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama, na ni kweli kwamba Windows 11 inadai kifaa kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Lakini kilichoisha ni muda wa programu. Laptopu zenyewe zina kibodi nzima, vioo vizima, diski zinazozunguka. Jungu kuu halikosi ukoko. Niliomba tatu, nikaandikiwa karatasi ya kutokea getini, nikazibeba kwa bajaji hadi nyumbani Kibosho huku nimezifunika kwa kitenge.

Naandika kwa sababu najua kazi ya laptopu hizo, na kazi yenyewe naifanya kila jioni.

Kabla ya duka nilikuwa opereta wa simu ya upepo katika hospitali moja ya misheni, kuanzia 1989 mpaka simu za mkononi zilipokuja na redio zetu zikapelekwa stoo. Wenye umri wangu wanakumbuka. Saa 2 kamili asubuhi niliita zahanati moja baada ya nyingine, kila moja ikaitika, "Nakusoma, ova," nikaandika kwenye daftari: dawa zilizopungua, wagonjwa wa kuchukuliwa, nani amefiwa. Usiku mmoja wa masika mkunga wa zahanati ya mbali aliniita mara tatu kabla sijamsikia. Sauti yake ilikuwa chini ya mvumo wa radi, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nilishika maneno matatu tu: mama, mkono, damu. Yalitosha. Gari likaondoka. Mtoto yule alikuwa ametanguliza mkono, na leo ni mtu mzima, ana duka la vipuri vya pikipiki.

Tangu usiku ule sijawahi kuidharau sauti ndogo iliyozama kwenye kelele. Nilipoacha kazi nikaomba leseni ya redio ya ridhaa, nikaendelea.

Kwa wasiojua: redio ya ridhaa ni kama ngumi za ridhaa. Huchezi kwa malipo. Una redio yako, antena yako na leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Unazungumza na wenzako walioko nchi yoyote ile, hufanyi biashara hewani, na kila mara unataja herufi za kituo chako, ambazo kwa Tanzania huanza na 5H au 5I, ili dunia nzima ijue uko wapi. Zamani ilikuwa lazima kujua Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, ili upewe masafa ya chini yanayofika mbali. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003 uliondoa sharti hilo na kuiachia kila nchi iamue.

Kompyuta iliingia kwenye redio zetu muda mrefu uliopita, lakini kwangu mlango ulifunguka na kitu kinaitwa FT8, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kupitia redio. Kilitoka 2017. Waliokitengeneza ni Steven Franke na Joe Taylor wa Marekani, na huyu Taylor ndiye yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa nyota mbili zinazozungukana, moja ikitoa mapigo ya redio, walizozigundua 1974. Mtu aliyezoea kusikiliza mapigo ya nyota ndiye aliyetufundisha kusikilizana. Katika FT8 unatuma kwa sekunde 12.64, unanyamaza, mwenzako anajibu, na zamu ni sekunde 15 kwa 15. Ujumbe wote ni biti 77, yaani sifuri na moja 77 tu. Haumruhusu mtu kupiga soga. Unabeba herufi za kituo, eneo ulilopo na jinsi unavyosikika, basi. Lakini sauti ambayo sikio langu, lenye miaka yote ile ya kazi, haliambulii hata mlio, programu inaisoma na kuiandika kwenye kioo. Mara ya kwanza nilipoona mstari kutoka Brazili umeandikika wakati spika inatoa mvumo mtupu, nilimkumbuka yule mkunga.

Eneo linaandikwa kwa herufi mbili na namba mbili. Sisi wa Moshi ni KI86, na Arusha mjini pia ni KI86, kwa hiyo kwenye ramani za redio ubishi wa miji yetu miwili umekwisha.

Sasa nije kwenye kompyuta. Vijana wanaokuja dukani wanajua mifumo miwili, Windows na ule wa simu zao. Wachache wamesikia Linux. Mimi ninatumia ndugu wengine wa ukoo huohuo, FreeBSD na OpenBSD. Ukoo wenyewe ni Unix, iliyoanza 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, ikapita Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na kutoka Berkeley wakazaliwa NetBSD na FreeBSD mwaka 1993. OpenBSD ilijitenga na NetBSD mwaka 1995 chini ya Theo de Raadt, mtu wa Calgary, Kanada, ila amezaliwa Pretoria, hapa hapa barani kwetu. Yote ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Sina ugomvi na Linux; wenzangu wengi wa redio wanaitumia na inawafaa. Nitaeleza kwa nini mimi nilikwenda kwingine.

Sababu yangu ni kitabu. Nyumbani kwangu Kibosho mtandao huja na kuondoka, umeme vilevile. Mtu akikuambia "tafuta jibu mtandaoni" wakati mtandao wenyewe ndio umekatika, hajakusaidia. Ukisakinisha OpenBSD, kitabu chote cha maelekezo kinaingia pamoja nayo, ndani ya diski. Unaandika `man`, kisha jina la kitu, na ukurasa unafunguka, na umeandikwa na watu walewale walioitengeneza programu. Ukiingia mara ya kwanza kama msimamizi unakuta barua inakusubiri kwenye sanduku, imetoka kwa de Raadt, inakukaribisha na kukuelekeza usome ukurasa uitwao `afterboot`, wa mambo ya kukagua kwanza. Mimi niliyezoea kupokea zamu kwa kusoma daftari la aliyenitangulia, nilijisikia nimefika kazini.

Mashine yangu ya OpenBSD ni kilaptopu kidogo cha biti 32 chenye RAM ya GB 1, ambacho mteja aliniachia badala ya deni la kopi. Nilitaka kukitumia kurekodi Morse kutoka kwenye redio ili mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu, awe anajifunza akiwa kwao. Nikaunganisha waya kutoka tundu la sauti la redio, redio yenyewe ni Yaesu FT-857, mpaka tundu la maikrofoni. Nikaandika amri ya kurekodi:

`aucat -o morse.wav`

Nikaacha dakika tano. Spikani Morse ilikuwa safi kabisa, kituo cha Italia, mkono uliotulia. Nikacheza faili. Kimya. Nikabadilisha waya. Kimya. Nikafungua plagi, nikachoma upya risasi ya kuungia waya, nikapima kwa mita, waya mzima. Kimya tena. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, labda tundu limekufa." Nikakaribia kumkubalia. Kabla ya kukata tamaa nikafungua ukurasa wa `audio`, tukausoma wote wawili mstari kwa mstari, yeye akitafsiri Kiingereza na mimi nikiandika Kiswahili kwenye kaunta buku. Hapo ndipo tulipoona. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, mfumo huu ukiombwa sauti ya maikrofoni unatoa ukimya mtupu, mpaka mwenye mashine aruhusu kwa mkono wake. Tundu lilikuwa zima na waya ulikuwa mzima. Mfumo ulikuwa unalinda nyumba. Ruhusa yenyewe ni mstari mmoja:

`sysctl kern.audio.record=1`

Tukarekodi tena. Mwitaliano yule alikuwa ameshaondoka, lakini mvumo wa hewani uliingia, na binti yule akaushangilia mvumo kama watu wanavyoshangilia goli.

Mhariri, naomba wasomaji walizingatie jambo hili. Tunabeba mfukoni vifaa vyenye maikrofoni ambavyo hatujui vinamsikiliza nani. Halafu kuna watu wamekaa mbali huko wakaamua kwamba kompyuta isisikilize mpaka mwenyewe aseme sikiliza, na wakaandika sababu yake mahali ambapo msichana wa kidato cha tatu anaweza kuisoma bila mtandao. Somo hilo halipo kwenye darasa la kompyuta analofundishwa, ambako anakariri mahali pa kubonyeza ili herufi ziwe nene.

FT8 ninaifanya kwa laptopu nyingine, ThinkPad ya mtumba yenye FreeBSD. FreeBSD ina fungu zima la programu za watu wetu, limeitwa `hamradio`. Ndani yake ipo WSJT-X ya FT8, ipo fldigi ya kuandikiana, ipo Hamlib inayowezesha kompyuta kubadili masafa ya redio kupitia kebo. Yalikuwepo mambo ya kusumbua na siyafichi. Kebo ilikataa kuongea na redio mpaka nilipojiongeza kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kuitumia, liitwalo `dialer`. Wi-Fi ya ndani haikutambulika hata kidogo, nikavuta waya kutoka kwenye ruta. Programu nyingi za redio zinaandikwa kwanza kwa ajili ya Windows, na chache hazijafika huku kabisa. Mwenye haraka atachoka. Ila kikikaa kimekaa, na ThinkPad ile sijailazimisha kuzimika hata mara moja katikati ya mawasiliano.

Antena ni waya wa mita 10, mita 5 kila upande, kati ya mparachichi na mringaringa uliopandwa na baba mkwe mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani. Natumia masafa ya megahezi 14.074. Mlima uko kaskazini yangu, mkubwa kama ulivyo, na mawimbi yanayotoka chini chini kuelekea Ulaya naamini unayakula. Brazili na Japani nawapata kwa wepesi zaidi kuliko Wajerumani. Radi ikinguruma nachomoa antena kabla ya kitu kingine chochote. Umeme ukikatika betri ya sola inashika, kwa sababu laptopu na redio niliyoiweka wati 20 havili kama pasi.

FT8 ina sharti moja gumu: saa. Zamu ni za sekunde 15, na kompyuta yako ikipishana na wenzako kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, husomi mtu na hakuna anayekusoma. Hili nilijifunza wikiendi ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa sababu nyingine.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 jua lilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003. Masafa yetu yakafa. Jumamosi nzima nilisikia mvumo na vituo viwili vitatu. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuunganisha kupitia Afrika Kusini zikakatika. Nilipotoka kanisani simu haifungui chochote. Kesho yake dukani watu walijaa na fomu zao mkononi, hawawezi kutuma wala kulipia, na wengine walidhani ni mimi nimezima makusudi.

Jioni ile ya Jumapili nikawasha ThinkPad. Betri ya kidonge inayotunza saa ndani yake ilikuwa imekufa siku nyingi, lakini sikujali, maana kila nikiwasha mashine ilikuwa inachukua saa mtandaoni. Sasa mtandao haupo. Kioo kikanionyesha mwaka wa zamani sana, na kwenye programu, kurasa tupu. Hapo masafa yalikuwa yameanza kurudi: michirizi ya FT8 niliiona inashuka kwenye kioo, myeupe, mingi, na hakuna hata mmoja uliosomeka. Ni kama kusimama dirishani kwa watu wanaoongea lugha yako usielewe neno.

Nikakumbuka vituo vya saa. Nikageuza redio mpaka kilohezi 10,000, ambako kituo cha BPM cha China kinapiga sekunde. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani nyumba ya jirani. Nikaandika amri ya kuweka saa, nikaacha kidole juu ya kitufe, nikahesabu kwa sauti mpaka dakika ilipogeuka, nikabonyeza. Nikarudi 14.074. Tupu. Nikarudia. Tupu. Mara ya nne mstari ukatokea, kituo cha Afrika Kusini, na pembeni yake programu ikaandika tofauti ya saa kati yetu: sekunde 1.4. Nikasogeza saa kwa kiasi hicho. Zamu iliyofuata mistari ilijaza kioo. Nilikaa na watu wale mpaka saa 5 usiku, Moshi nzima ikiwa haina mtandao.

Betri ya kidonge nilibadilisha wiki hiyohiyo. Lakini saa ya kompyuta hata ikiwa na betri hukimbia au huchelewa kidogo kidogo, na mimi sikutaka tena kuitegemea kamba iliyoko chini ya bahari. Nikaagiza Kariakoo kipokezi cha GPS cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kama kiberiti, nikakibandika dirishani upande wa bondeni. Kilaptopu cha OpenBSD kikapewa kazi mpya. Amri moja, `ldattach`, inakifanya kisome saa kutoka kwenye setilaiti, na kwenye faili la `ntpd.conf` nikaandika mistari miwili tu, mmoja wa kuiamini GPS hiyo na mwingine wa kugawa saa kwa mashine za nyumbani:

`sensor nmea0 trusted`
`listen on 192.168.1.5`

Hayo maneno sikuyapata kwa fundi. Yamo kwenye kurasa za mwongozo zilizokuja na mfumo, na tuliyasoma usiku mmoja kwa taa ya sola. Tangu hapo nyumba yetu ina saa yake. Kilaptopu kile kinawaka usiku na mchana kwenye rafu ya vyombo, na mama mkwe, ambaye hana habari na FT8, hunywa dawa zake kwa kukitazama.

Ndiyo maana niliumia nilipoona zile 20 mvuani. Ninazijua. Kila moja ina nguvu mara nyingi kuliko kilaptopu changu. Jumamosi iliyopita nilikaa na mpwa wangu tukaweka FreeBSD kwenye ya kwanza. Alijibu maswali ya usakinishaji mwenyewe, akagawa diski mwenyewe, akakosea, akarudia. Saa 11 jioni akaiunganisha na redio. Kupiga hakuruhusiwa mpaka apate leseni yake, na mimi ni mkali kwa hilo kama nilivyokuwa hospitalini, lakini kusikiliza aliruhusiwa. Alisoma vituo 31 kabla ya kuitwa kula. Alikuwa anatafuta kila kimoja kwenye atlasi ya shule yao, na aliponiuliza kwa nini Japani tunaisoma na Nairobi hatuioni kabisa wakati iko hapo tu, tukaingia kwenye safari ya mawimbi yanayopanda angani na kurudi chini mbali huko, yakimruka jirani. Mwalimu wake wa fizikia angefurahi kuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wakuu wa shule, kabla hamjawauzia watu wa vyuma chakavu, chagueni laptopu mbili au tatu zinazowaka. Futeni diski zake ili taarifa za wanafunzi zisitoke nje. Wekeni mojawapo ya mifumo hii huria, na kama FreeBSD na OpenBSD zinawatisha, anzeni na Linux, hakuna atakayewalaumu. Hamhitaji redio ya kupigia siku ya kwanza. Kipokezi kidogo cha USB cha kusikilizia na waya juu ya mti vinatosha kuanza, na kusikiliza ndiko opereta yeyote alikoanzia. Muwape wanafunzi kaunta buku, waandike kila wanachosikia: saa, masafa, nchi. Na kurasa zile za Kiingereza wazitafsiri wenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa wiki. Daftari letu limefika ukurasa wa 64, na yeyote anayetaka kopi aje dukani, sitamtoza.

Vyuo vya ufundi navyo viangalie hili. Kijana anayejifunza umeme wa magari au wa majumba akishika plagi, risasi, kebo, mfumo endeshi na antena katika kituo kimoja, anajifunza kutafuta kosa kutoka mwanzo wa waya hadi mwisho wake. Mafundi wa namna hiyo tunawatafuta kwa tochi.

Na wazee wenzangu mliokuwa maopereta, wa hospitali, wa mbuga, wa polisi, wa kampuni za kupandisha wageni mlimani: najua mpo, wengi mko nyumbani Marangu, Machame, Meru na Karatu. Masikio yenu bado yanafanya kazi. Shule ya kata yenu ina watoto ambao hawajawahi kusikia Morse hata mara moja. Nendeni.

Jana jioni nilipita tena pale shuleni. Zile 17 bado ziko chini ya mparachichi, mnunuzi hajaja. Mwalimu yule kijana aliniruhusu nizifunike kwa turubai langu la kuanikia kahawa, na ameahidi kulizungumza kwenye kikao cha Jumatatu. Turubai naliacha hapo mpaka wapate jibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Opereta,
Kibosho, Moshi.